Njiti Moja ya Udongo

Mfuko wake wa kulia ulijaa maharagwe makavu na wa kushoto ulikuwa mtupu. Ndivyo alivyotoka nyumbani kila asubuhi. Akimwona mtoto ametia mkono mdomoni, alitoa haragwe moja kulia akalitia kushoto. Alifanya bila kutazama, kama mwingine anavyovuta tasbihi. Jioni, mfuko wa kushoto ukiwa mzito, aliketi mlangoni kwake akayamwaga kwenye sahani ya bati na kuyahesabu, na hapo ndipo uso wake ulipolegea. Wanaume wengine walifurahi kwa pombe au kwa mke. Yeye alifurahi kujua kwamba mtoto wa fundi cherehani ametia mkono mdomoni mara nyingi kuliko mtoto wa mwalimu wa madrasa.

Tulimwita Bwana Afya. Jina lake la nyumbani silitaji, maana yeye mwenyewe halikumfurahisha. Alikuja Koboko wakati watu tunarudi kutoka Zaire, tulikokimbilia mwaka ule wa 1979 serikali ya askari wetu ilipoanguka. Wengine walisema alikuwa daktari wa jeshi. Wengine walisema alikuwa mchimba vyoo wa kambi. Alipoulizwa alijibu, "Yote mbili," akaendelea na kazi yake.

Hakuwa mtu wa kupendeza. Nalisema hili kwa sababu siku hizi wengi wanamsifu, na wanaomsifu kwa sauti ndio waliomrushia maganda ya ndizi. Alikuwa mrefu, mkavu, magoti yake kama mafundo ya kamba, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata. Salamu hakuijua. Wewe unamwambia, "Habari ya asubuhi, Bwana Afya," yeye anakuangalia kucha. Ukimkaribisha chai anachungulia ndani ya kikombe kwanza, halafu anakutazama wewe, halafu anasema hana kiu.

Msibani alikuwa balaa. Jirani yetu Mama Poni alifiwa na mtoto wa kutambaa. Wanawake bado tunalia, vumbi liko kichwani, Bwana Afya akaja akachuchumaa mbele ya mfiwa na kumuuliza, "Ilikuwa na meno ngapi? Ilikuwa natambaa ndani ama nje?" Shemeji yake Mama Poni alimshika ukosi akamtoa mpaka nje ya ua. Tukadhani amekwenda. Baada ya muda tukasikia sauti kutoka nyuma ya ua wa majani: "Mama Poni! Nje ama ndani?"

Na Mama Poni, machozi yanatiririka, akajibu, "Nje!"

Tulisikia haragwe likianguka mfukoni.

Lakini mikono ya watoto aliiosha kama mtu anayeosha mayai. Hapo simdanganyii mtu. Alikuwa na beseni jeupe la enameli, na maji aliyoyachemsha na kuyachuja kwenye kitambaa mara mbili. Mtoto anakaa kwenye paja lake, mkono unatiwa ndani ya maji, na Bwana Afya anapitisha brashi laini kidole kwa kidole, anaimba kwa sauti ya pua wimbo wa kambini ambao maneno yake hayafai watoto. Watoto walipanga foleni. Kwa mkono wenye tope jingi alitoa karanga tano, kwa mkono safi karanga moja. Basi wale mashetani wadogo wakawa wanaenda kujipaka tope kwanza. Alipogundua aliwafukuza kwa fimbo, akatupa wiki nzima ya kazi, akaanza upya.

Maji yale hakuyamwaga. Aliyaacha yatulie mpaka tope likashuka chini, akayamimina polepole, akaanika lile tope juani, akalikwangua kwa wembe na kulipima. Mizani yake ilikuwa ile ndogo ambayo wanunuzi wa dhahabu kule Zaire hubeba mfukoni, sahani mbili kama vifuniko vya soda zinaning'inia kwa uzi. Uhamishoni aliishi na wachimbaji, na kwao dhahabu kidogo hupimwa kwa njiti ya kiberiti. Upande huu njiti, upande ule unga wa dhahabu, vikilingana umeuza njiti moja. Yeye akapima hivyo hivyo uchafu wa mikono ya wajukuu zetu.

Hesabu zake sikuzijua zote, mimi niliishia darasa la tatu. Lakini alinieleza, maana alimweleza kila mtu, utake usitake. Alipima tope la mkono kabla mtoto hajaanza kujinyonya vidole, na tope lililobaki baadaye. Kilichopungua kimekwenda tumboni. Akazidisha kwa maharagwe. Jibu lake lilikuwa moja, na alilitangaza kwenye bomba la maji siku ambayo foleni ilikuwa ndefu.

"Mutoto ya hapa nakula njiti moja ya udongo kila siku."

Tulicheka mpaka ndoo zikafurika. Njiti moja! Mama Poni, ambaye kilio chake kilikuwa kimeshapoa, alimwambia, "Bwana Afya, mimba ya Lado mi nilikula kichuguu nusu. Lado iko pale napiga mpira. Wewe mwanaume mzima naogopa njiti?"

"Udongo ya kichuguu iko safi," alisema. Akapiga chini kwa kisigino. "Mi naogopa udongo ya hapa. Iko na betri."

Hapo niseme kuhusu betri. Karibu na kwetu palikuwa na uwanja ambako malori ya jeshi yalifia. Vijana waliorudi bila kazi walikuwa wanapasua betri za malori yale, wanayeyusha chuma laini kilichomo ndani kwenye moto wa mkaa, na kumimina vipande vizito vya kuzamisha nyavu za wavuvi wa Nile. Moshi wake ulikuwa mtamu mdomoni. Yaliyobaki chini yalikuwa majivu meusi, mazito, yenye kung'aa.

Na mimi, kwa akili yangu, niliyapenda majivu yale.

Sisi wanawake wa Koboko tunajulikana kwa sakafu. Mtu hakuulizi mumeo ana nini, anatazama chini anapoingia. Mimi nilichanganya udongo, samadi na majivu ya betri yaliyochekechwa, nikapaka, nikasugua kwa jiwe la mto siku tatu. Sakafu ikatoka nyeusi, ngumu, inakuonyesha uso wako. Mchwa hawakuigusa. Funza hawakukaa. Wanawake walitoka hata Oraba, mpakani, kuja kuiona, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Niliwafundisha. Walionibembeleza niliwafundisha vizuri, wenye maringo nikawaficha habari ya jiwe.

Juu ya sakafu ile alijifunzia kukaa Kiden, mtoto wa binti yangu Hawa.

Nitamsifu, na asiyetaka aruke mstari. Hakuna mtoto aliyezaliwa Koboko mwenye akili kama Kiden. Kabla hajaota magego alikuwa anataja mbuzi wote kwa majina, na mbuzi akikosekana analia mpaka atafutwe. Aliniita Habuba, kama wajukuu wa kwetu wanavyoita nyanya, lakini yeye alilivuta lile neno, Habuu-ba, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Hawa alikuwa mjini Arua anafanya biashara ya samaki wakavu. Mtoto alikuwa wangu.

Bwana Afya alimpenda. Kiden ndiye pekee aliyekataa karanga na kudai maharagwe. Alisimama mbele yake, anatia kidole mdomoni makusudi, anatoa, anasema, "Moja!" Anatia tena, "Moja!" Na yule mzee mkavu alihamisha maharagwe yake huku akimwambia, "Wewe namaliza mfuko yangu, mwanaharamu wewe."

Siku moja alimwosha, akakwangua, akapima. Akapima mara ya pili. Kisha akaja kwangu, akasimama mlangoni na viatu vyake, akatazama chini.

"Kuku yako iko wapi, Mama Hawa?"

"Walikufa. Kideri."

"Kuku ya Mama Poni nakufa?"

"Hapana."

"Kideri gani naruka nyumba?" Akapiga magoti, akalamba kidole, akakipitisha kwenye sakafu yangu na kukinusa. "Kiden nakula hii. Hapana njiti moja. Njiti moja na nusu. Chimba yote, tupa mbali."

Nilimwambia aondoke kabla sijamwagia uji.

Mtu huyu, mnajua, naye alikuwa anakula udongo. Alitaka kuhakikisha kama udongo uliomezwa hutoka wote au mwingine hubaki mwilini. Basi juma zima alikula wali wa mchele uliooshwa mara tatu, na chumvi tu, na kila asubuhi akameza njiti mbili za kichuguu. Kilichotoka alikikausha na kukichoma ndani ya debe nyuma ya nyumba yake, akapima majivu. Harufu ilifika sokoni. Mimi ndiye niliyempa jina la Mchekecha-mavi, na nilijivunia, lilikuwa jina zuri. Watoto walimfuata barabarani wakiliimba. Yeye aligeuka, akawatazama kujua nani ametia kidole mdomoni.

Juma lile likaisha, ulaji haukuisha. Udongo ulimshika kama sigara. Mvua ikinyesha tulimwona anamega ukuta wa jiko lake. Nikamuuliza mbele ya watu, "Hiyo njiti ngapi, Bwana Afya?"

"Wacha mi, mama," alisema, meno yamejaa. "Yangu nimepima."

Hata kule Arua alijulikana. Jumapili alikwenda Onduparaka kwenye mpira, watu wote macho uwanjani, yeye ameupa mpira mgongo anatazama watoto walioketi vumbini. Goli likifungwa anakasirika, kwa sababu watoto wanaruka na hesabu inaharibika. Siku za kazi alipanda kilima cha Arua, kwenye ofisi za serikali, kuomba udongo wake upelekwe Kampala kwenye mashine inayoweza kusema ndani yake mna nini. Mizani husema uzito tu, alieleza, haisemi sumu. Walimzungusha miezi. Mwishowe wakakubali, alete udongo wa mikono ya watoto wa kila nyumba, gari litatoka Jumatatu.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo alinitukana.

Ilikuwa kwenye bomba, wanawake wote wapo. Mgeni kutoka Oraba alinisalimu kwa heshima, akauliza kama ndiye mimi mwenye sakafu. Kabla sijajibu, Bwana Afya akasema kwa sauti ya paredi, "Usiende kule, mama. Choo ya soko iko safi kuliko sakafu ya huyu. Nalisha mjukuu wake sumu, naona uzuri."

Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka ningemsamehe.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwake, wanawake nyuma yangu. Barazani alikuwa ameanika ubao, na juu ya ubao viberiti vilivyokwisha njiti vimepangwa kama makaburi ya paka, kila kimoja na jina la mtoto na tope lake ndani. Kazi ya kiangazi kizima. Nikachukua ufagio wake mwenyewe. Nikafagia ubao wote mpaka barabarani, na ndoo yangu ya maji nikaimwaga juu yake, nikakanyaga.

Alifika akasimama. Kiberiti kimoja kilikuwa kimebaki pembeni, kimekwama kwenye ufa wa ubao.

"Hiyo imebaki," alisema. "Soma kwanza."

Nilisoma. Darasa la tatu linatosha kusoma jina la mjukuu wako. Nikakichomoa, nikakifungua, nikakipuliza usoni pake.

Alifuta macho kwa mkono wa shati. Jumatatu alipanda kilimani mikono mitupu, na yule mkubwa wa ofisi akamwambia arudi akiwa na udongo. Akarudi Koboko kuanza upya, lakini nilikuwa nimeshapita nyumba kwa nyumba. Hakuna mama aliyempa mkono wa mtoto.

Kiden alianza na tumbo. Analia amelishika, choo hakitoki. Akawa mweupe ndani ya macho. Akaacha kutaja mbuzi wadogo, akabaki na wakubwa. Nikasema ni minyoo. Kisha likaja degedege, mchana, katikati ya sakafu yangu nyeusi, visigino vinapiga chini kama mtu anayegonga mlango.

Bwana Afya ndiye aliyekuja na baiskeli. Sikumwita mimi, aliitwa na Mama Poni. Alimfunga Kiden kwenye kifua chake kwa shuka langu na kumkimbiza zahanati. Jioni nilimkuta kando ya kitanda, ameshika mkono wa mtoto anatazama kucha. Hakusema pole.

"Bado nalala kwenye ile sakafu?"

Nilimwambia atoke.

Na niandike hili kama lilivyo, maana nimeandika ya wengine. Nilimrudisha Kiden nyumbani nikamlaza kwenye sakafu ile ile. Mwaka mzima. Sikuwa mjinga. Usiku ule ule nilijua. Lakini kuchimba ilikuwa kusema mbele ya Koboko yote kwamba Mchekecha-mavi alisema kweli. Niliweka mkeka. Nikajiambia mkeka unatosha. Mtoto aliukunja mkeka kila asubuhi ili ajione uso chini, na akalamba uso wake.

Nilichimba siku aliyoniita kwa jina la mbuzi. Nilichukua jembe, nikachimba mchana kweupe, wanawake wamesimama kwenye ua. "Kuna nini, Mama Hawa?" Nikawaambia mchwa wameingia. Mama Poni alitazama ile sakafu ambayo mchwa hawajawahi kuigusa, akaenda zake. Wale niliowafundisha walirudi kwao mmoja mmoja, na siku zile zote ulisikia majembe ndani ya nyumba. Vijana wa betri hawakufukuzwa na mtu. Betri ziliisha tu.

Bwana Afya alikuwa ameshahama. Wengine walisema amerudi Zaire. Sikuuliza.

Miaka ilipita mingi, Wasudani wamejaa kwetu kwa vita vyao, nilipokwenda Oraba kupeleka simsim kwa mteja wangu ng'ambo ya mpaka, upande wa Kaya. Kiden nilikuwa naye. Amekuwa mrefu kuliko mimi, matiti yameanza, na ananishika pindo la kitenge kama anayejifunza kutembea. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka kona. Pembeni ya wabadilisha pesa, chini ya kipande cha bati, nikaona magoti kama mafundo ya kamba.

Alikuwa anapimia wachuuzi dhahabu ya Zaire. Mizani ile ile. Meno yamebaki machache, kaptula bado inakata.

"Mama Hawa," alisema, hata hajainua kichwa. Labda alizijua kucha za miguu yangu. "Sakafu iko namna gani?"

"Nilichimba."

"Lini?"

"Nyuma ya degedege. Mwaka moja."

"Mwaka moja," alisema. Midomo yake ilienda kidogo, anazidisha. Kisha akamtazama Kiden, na Kiden akamtazama, hakumkumbuka.

Nilikuwa nimebeba swali lile kwa muda mrefu. "Niambie kweli. Mi hapana taka maneno ya hesabu. Nataka kuona. Alikuwa nakula ngapi?"

Alitoa njiti moja ya kiberiti akaiweka kwenye sahani. Akavunja nyingine, akaongeza nusu. Akainama, akachota vumbi la Oraba kwa ncha za vidole, akalidondosha kwenye sahani ya pili mpaka zikalingana. Nilivaa miwani. Bila miwani nisingeliona. Lingebebwa na sisimizi wawili.

"Hii?"

"Hii. Kila siku."

"Hii tu?"

"Na sumu iko ndani ya hii. Ndogo kuliko hii."

Dereva mmoja wa lori alipiga honi, hakuna aliyegeuka. Nikasema, "Na kama mi hapana kufagia ile viberiti?"

Mtu mwingine angeangalia pembeni. Yeye aliniangalia machoni, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Gari ilikuwa naenda Jumatatu. Ile vijana wangefukuzwa kabla ya mvua. Wewe ungechimba, hata kwa askari. Huyu ingekuwa iko shuleni saa hii."

Nilingoja aongeze kwamba ni kazi ya Mungu. Kila mtu huongeza. Padri na shehe wote wawili waliniongezea. Yeye alijifuta vumbi vidoleni.

Nikatafuta neno la kumtukana, na mimi sikosi. Nikiwa bado natafuta, Kiden akaachia pindo la kitenge changu. Akainama juu ya mizani, akalamba kidole chake, akakibonyeza kwenye lile vumbi na kukitia mdomoni. Sahani ya vumbi ikaruka juu, ya njiti ikashuka ikagonga meza. Nilimpiga mkono, lakini alikuwa ameshameza, ananichekea.

Bwana Afya hakututazama. Aliitazama mizani ikiyumba. Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni, ukatoka na haragwe, ukalitia mfuko wa kushoto.